Ushauri wa haraka: gemu inagandaganda nikiweka DirectX 12, nikirudi 11 iko laini. Nibadilishe kadi?

Msafiri_Pikseli (mwanzisha uzi)
Wakuu, naombeni msaada maana kichwa kinauma. Kuna gemu nimeisubiri kwa hamu, ina chaguo la DirectX 11 na DirectX 12, yaani njia ya Windows ya gemu kuiamuru kadi ya picha. Nikiweka 11 inatembea vizuri, fremu 60 (picha kwa sekunde) hazitikisiki. Nikiweka 12 namba inapanda hadi 70 na kitu, lakini nikigeuza kamera kwa haraka au nikiingia eneo jipya inaganda kidogo, inaendelea, inaganda tena. Kila mahali nasoma kwamba 12 ndiyo mpya na ndiyo yenye kasi. Mbona kwangu ni kinyume?

Kadi yangu ni GTX 1060 ya Nvidia, 6 GB. Nimefungua dxdiag (programu ya Windows ya kukagua mashine), imeandika DirectX 12, kwa hiyo mashine inaiweza. Nataka kuchukua kadi nyingine ambayo DirectX 12 na Vulkan (njia kama hiyo isiyofungwa na Windows) zitafanya kazi sawasawa. Swali: kadi ikiandikwa DirectX 12 kwenye boksi, inatosha? Naomba majibu leo kama inawezekana.

MzeeKonsoli
Mdogo wangu, nunua konsoli upumzike. Kwenye konsoli mtengenezaji wa gemu anajua kifaa ni kimoja, sheda (programu ndogo za kuchora picha) zinakuja zimeshaandaliwa kwa ajili ya kifaa hicho. Mimi niliacha mambo ya PC nikaanza kulala usingizi.

FundiWaya
Mkuu, tulia kwanza. Hilo neno DirectX 12 kwenye ukurasa wa kwanza wa dxdiag ni la Windows, si la kadi. Windows 10 ilikuja na DirectX 12 Julai 2015, na hata ukichomeka GTX 680 ya mwaka 2012 itaandika hivyo hivyo. Nenda kwenye ukurasa wa Display, tafuta mstari wa Feature Levels (viwango vya uwezo). Hapo ndipo kadi inapojieleza.

Sasa nijibu: prosesa gani? RAM kiasi gani, na ni kipande kimoja au viwili? Pawasapulai ya wati ngapi? Na kwa nini lazima iwe leo?

KobeMtulivu
Umenikumbusha mbali. Mwanzoni mwa 2014 Battlefield 4 ilipopata Mantle ya AMD (njia yao ya kuiamuru kadi, mfano wa DirectX), nilikuwa na prosesa ya AMD FX iliyokuwa inahema. Kwenye ramani zenye watu wengi nilikuwa nadondoka vibaya, nikawasha Mantle, mambo yakabadilika kabisa. Kadi ile ile, draiva (programu inayoiendesha kadi) tu na kiolesura kipya. Mantle yenyewe haikudumu, lakini AMD waliitoa kwa Khronos, kundi linalosimamia viwango vya wazi vya michoro, na humo ndimo ilimotoka Vulkan ya Februari 2016. Halafu Julai 2016 Doom ikapata Vulkan, wenye kadi za AMD wakafurahi kuliko wote. Enzi nzuri sana zile.

Msafiri_Pikseli
Asante Fundi. Prosesa ni Intel ya kore nne, RAM inatosha. Feature Levels inaanzia 12_1. Ila mimi swali langu ni kadi tu, prosesa sijawahi kuona ikilalamika.

FundiWaya
"Intel ya kore nne" ni ukoo mzima. Na "inatosha" si kipimo. Bila hizo namba nitakuwa nakubahatishia.

Wakati unatafuta, ngoja nieleze kwa nini 12 inaweza kukupa fremu nyingi na bado ikaganda. Kwenye DirectX 11 draiva ndiyo inayohangaika: inapanga kumbukumbu ya kadi, inalinda mpangilio wa kazi, inaficha makosa ya gemu. Gharama yake ni kwamba amri nyingi za kuchora hupitia kore moja ya prosesa, na kore hiyo ikilemewa, kadi inakaa bure ikisubiri. DirectX 12 na Vulkan zinaruhusu kore kadhaa kuandaa amri kwa pamoja, ndiyo maana namba yako ilipanda. Lakini kazi zile za draiva hazikufutika, zilihamishiwa kwa mwandishi wa gemu. Asipozifanya vizuri, unayeumia ni wewe mchezaji.

Kubwa zaidi ni sheda. Kwenye 12, kila mchanganyiko wa sheda na hali ya uchoraji hutakiwa kukamilika kabla ya kutumika. Gemu isipoutayarisha mapema, inautengeneza pale pale unapogeuza kamera, na skrini inasimama kusubiri. Ukibadilisha kadi au draiva zinatengenezwa upya, kwa hiyo kadi mpya peke yake haiponyi ugonjwa huo.

Fanya jaribio. Pita njia ile ile mara mbili bila kufunga gemu. Mara ya pili ikiwa laini, zilikuwa sheda. Ikiendelea kuganda, angalia RAM na kumbukumbu ya kadi.

Penguini_Mweusi
Hamia Linux. Sisemi kwa ushabiki. DXVK inageuza gemu za DirectX 8 hadi 11 kuwa Vulkan, VKD3D-Proton inashughulikia 12, na tangu Valve walipotoa Proton (programu ya kuendesha gemu za Windows kwenye Linux) mwaka 2018 mimi sijarudi nyuma. Kuna gemu kongwe za DirectX 9 zinatembea kwangu vizuri kuliko zilivyokuwa kwenye Windows.

MzeeKonsoli
Nilijua tu Penguini hachelewi.

Msafiri_Pikseli
Nimefanya jaribio. Mara ya pili imepungua lakini haikuisha. Namba hizi hapa: i5-7500, RAM 8 GB kipande kimoja, pawasapulai ya wati 450. Gemu ikiwa wazi RAM inafika 7.7.

Sasa kuhusu leo. Kuna jamaa ananiuzia RX 5700 XT ya AMD. Nimeshampa nusu ya hela, jioni namalizia. Sikutaja mwanzoni kwa sababu nilitaka maoni yasiyoelemea upande wowote. Na msinirukie, nimeifanyia utafiti. Ina 8 GB, imeandikwa DirectX 12, na kwa nguvu inaiacha 1060 mbali sana. Hata inaipita RTX 2060 kwenye gemu za kawaida. Nataka pia nicheze Alan Wake 2 na Indiana Jones and the Great Circle. Reitresingi (kukokotoa njia za mwanga) niliwahi kuiwasha kwenye hii hii 1060, picha ilipendeza ila fremu zilikufa, kwa hiyo kadi yenye nguvu zaidi itamaliza tatizo.

FundiWaya
Hapo ndipo penyewe. Mkuu, hizo gemu mbili ulizotaja ndizo zinazoiumbua 5700 XT.

DirectX 12 Ultimate ilitangazwa Machi 2020, na inadai vitu vinne kwa pamoja: reitresingi, mesh shaders (sheda za kuunda maumbo), variable rate shading (kupunguza uchoraji pasipohitaji) na sampler feedback (kujua ni sehemu gani za picha za nyuso zinahitajika). Kadi yenye vyote husomeka 12_2 kwenye dxdiag. RTX 20 za mwaka 2018 zinavyo. RX 6000 zinavyo. RX 5700 XT ya 2019 inaishia 12_1, sawasawa na 1060 uliyonayo. Ni kweli ina nguvu, wala sibishi hata kidogo, lakini mlango uliofungwa kwa 1060 umefungwa kwake pia.

Alan Wake 2 ilipotoka Oktoba 2023 ilitegemea mesh shaders, na 5700 XT ilikuwa inahangaika vibaya. Machi 2024 walitoa sasisho lililowapa nafuu wenye kadi za aina hiyo, kwa hiyo hiyo utaicheza kwa kubana mipangilio. Indiana Jones ni ya Vulkan na haina hali ya kuzima reitresingi. Mahitaji yake ya chini kabisa ni RTX 2060 SUPER, RX 6600 au Arc A580 ya Intel. Doom: The Dark Ages ya 2025 nayo ni hivyo hivyo. Huko ndiko gemu kubwa zinakoelekea.

Penguini_Mweusi
Kwenye Linux draiva ya RADV ya kadi za AMD inaigiza reitresingi kwa sheda za kawaida, na watu wameifungua Indiana Jones kwa 5700 XT. Nilisema mapema.

DadaFremu
Mimi kinachoniuma ni hela. Umetoa nusu, ndipo unakuja kuuliza. Ushauri huombwa kabla mkono haujaingia mfukoni, kaka. Na mtaka cha mvunguni sharti ainame: unataka reitresingi, basi chagua kadi kwa reitresingi, usichague kwa nguvu halafu ukaomba miujiza. Hiyo 12 si saizi ya kiatu kwamba ikiandikwa basi imekutosha.

Msafiri_Pikseli
Dada nimekusikia. Lakini hela ni yangu, na gemu nyingi ninazocheza hazina hata reitresingi. Hizo mbili ni za baadaye. Nikichukua RX 6600 nguvu ni karibu sawa na 5700 XT, sasa faida iko wapi?

JichoPevu_02
Samahani wakuu, mimi naona uzi huu umetungwa. Someni vizuri. Anasema aliwasha reitresingi kwenye GTX 1060. Kadi hiyo haina kifaa cha reitresingi hata kidogo! Mwanzoni hakumtaja muuzaji, sasa ghafla RX 5700 XT inasifiwa kila mstari, inaipita hii, inaiacha ile. Huyu ndiye muuzaji mwenyewe. Mnamtengenezea soko bure.

MzeeKonsoli
Sasa umeanza kunoga.

DadaFremu
Hata mimi nilishtuka pale pa reitresingi. Msafiri, tuonyeshe hiyo dxdiag.

KobeMtulivu
Hapana, tusimwonee. Kwenye hilo Jicho umekosea. Aprili 2019 Nvidia walitoa draiva iliyofungua DXR (reitresingi ya DirectX) kwa kadi za GTX kuanzia 1060 ya 6 GB. Kifaa maalumu haina, hesabu zote zinafanywa na sheda za kawaida, na ndiyo maana fremu zilikufa kama alivyosema. Ningemshuku zaidi kama angesema ilitembea vizuri. Na muuzaji gani anakuja kutangaza mzigo kwenye uzi ambao Fundi ameueleza udhaifu wake namna hii?

JichoPevu_02
Hilo la draiva ya 2019 sikulijua. Bado napenda kuona picha.

Msafiri_Pikseli
Picha nimeweka hapo chini, dxdiag na matumizi ya prosesa gemu ikiwa wazi. Kore zote nne ziko 100. Sijaja hapa kuuza kitu, nimekuja kwa sababu naogopa kupoteza hela.

FundiWaya
Picha yako imemaliza ubishi. Kore nne zote zimejaa, RAM imejaa, na kipande kimoja kinaipunguzia prosesa upana wa njia ya kumbukumbu. Kwenye gemu hii kadi yoyote utakayochomeka leo itasubiri prosesa, na kugandaganda utabaki nako. Anza na RAM: ongeza kipande kinachofanana nacho, ufike 16 GB kwa njia mbili. Kisha funga fremu kwenye 60 ili prosesa ipate nafasi ya kutengeneza sheda. Mpaka hapo gemu hii icheze kwa DirectX 11, haina aibu.

Kuhusu faida uliyouliza: ukichukua 6600 unapata 12_2 na kadi inayokula wati 132. Ile 5700 XT inakula 225 na AMD wanapendekeza pawasapulai ya wati 600. Ya kwako ni 450. Ukumbuke pia kwamba 6600 ina njia nane tu za PCIe (muunganisho wa kadi na ubao), na ubao wa i5-7500 ni PCIe 3.0, kwa hiyo utapoteza kidogo. Kwa matumizi yako bado ningeichagua.

Msafiri_Pikseli
Nimeongea naye sasa hivi. Hela harudishi, ila amekubali tusogeze wiki mbili. RAM naagiza leo. Nikikosa mtu wa kubadilishana naye kwa 6600, nitaichukua hiyo 5700 XT, Indiana Jones niiache. Bado naona ni kadi nzuri.

FundiWaya
Ni nzuri kwa gemu nyingi, sikatai. Ila ukiichukua usiiwashe kwa hiyo pawasapulai. Na kabla ya kumalizia hela, aifungulie mbele yako gemu nzito kwa nusu saa, usikilize feni, uangalie joto.

Penguini_Mweusi
Akiichukua, nipo hapa kumsaidia kuweka Linux.