MJADALA: Makocha wa maisha wadaiwe leseni au waachwe huru?

Mwanzi_Mkavu
Wakuu, salaam. Nauliza jambo moja tu na naomba lijibiwe hilo hilo. Daktari ana leseni, mwanasheria ana leseni, rubani ana leseni. Kocha wa maisha anaamka asubuhi, anapiga picha amekunja mikono, jioni ana wateja. Wanamletea ndoa, kazi, misiba na madeni. Nasema sheria iwabane: huna leseni, usimtoze mtu. Haiwezekani mtu aliyesoma wikendi moja aahidi kukubadilisha kwa siku 21.

Nahodha_Bure
"Wikendi moja." Haya. Cheti cha chini kabisa cha ICF, shirikisho la kimataifa la makocha lililoanza 1995, kinadai mafunzo ya saa 60, saa 100 za kazi na wateja, 75 kati yake ziwe za malipo, na saa 10 za kulelewa na kocha mzoefu, zitandazwe kwa miezi 3 au zaidi. Kisha mtihani. Ngazi ya pili ni saa 125 za mafunzo na 500 za kazi. Ya juu ni 200 na 2,500. Na kila baada ya miaka 3 unahuisha. Hiyo wikendi umeiokota wapi, mkuu?

Chokochoko
Nahodha, yote hayo ni ya hiari. Mwenye saa 2,500 na asiye na hata moja wanaandika neno lile lile kwenye kadi. Na neno lenyewe! Kocha ni wa mpira. Timu ikifungwa anafukuzwa. Hawa wa maisha, mteja akifungwa anaambiwa "hukujitoa vya kutosha" 😂

Bint_Sarufi
Umechekesha lakini umekosea. Neno lilianzia kijiji cha Kocs, Hungaria, walikotengeneza magari ya farasi. Waingereza wakalichukua, karne ya 19 wanafunzi wa Oxford wakamwita hivyo mwalimu wa kuwavusha mtihani, baadaye ndiyo likaingia uwanjani. Watu wa mpira ndio waliokopa. Kocha ni gari: linakutoa ulipo, linakufikisha unakotaka wewe.

Chokochoko
Gari halimuulizi abiria "unaionaje safari hii?"

Mzee_wa_Nukta
Kwani lazima tukope? Mnasihi tunaye.

Bint_Sarufi
Mnasihi hutoa nasaha, mzee wangu. Kocha kazi yake si nasaha. Afadhali tumwite msindikizaji.

Mzee_wa_Nukta
Msindikizaji huishia njiani akarudi kwake, binti. Ndiyo maana ya kusindikiza.

Bint_Sarufi
Na kocha mzuri hufanya hivyo hivyo. Vikao 6, 8, 12, anageuza. Aliyekaa na mteja mmoja miaka minne, huyo si kocha tena, wameoana.

Mwanzi_Mkavu
Leseni jamani. LESENI.

Kata_Mti
Ngoja kwanza. Dada kasema kocha kazi yake si nasaha. Sasa mtu analipia nini? Kuulizwa maswali? Mtoto wa miaka minne anauliza maswali kutwa nzima, bure.

Nahodha_Bure
Mtoto anauliza apate jibu lake. Kocha anauliza mteja apate la kwake, na hilo lina ufundi.

Dakika 5 za mwanzo ni za swali moja: tukimaliza leo, uwe umepata nini? Bila hilo kikao kinageuka soga. Halafu wengi hufuata mfumo wa GROW: lengo, hali halisi, njia zilizopo, mwisho utafanya nini na lini. Kinachoharibika mara nyingi ni hatua ya pili. Kocha mchanga akishasikia lengo anarukia njia: "Umejaribu kuamka mapema?" Mteja: "Ndiyo, lakini..." Ukisikia "ndiyo, lakini" mbili mfululizo, jua umeruka hali halisi. Rudi uulize anafanya nini sasa, mara ngapi kwa wiki, mara ya mwisho ilikuwa lini, nini kilitangulia.

Swali moja moja. Ukiuliza matatu kwa mpigo atajibu lililo jepesi, na wewe utasahau mengine. Punguza "kwa nini", inampandisha mtu kizimbani. "Nini kilikuzuia?" inaleta habari ile ile bila mashtaka. Na ukishauliza, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi 7. Wengi hawafiki 3, wanajijibu wenyewe.

Kata_Mti
Kumbe ni kunyamaza kwa malipo. Nimeelewa.

Tulia_Tuone
Kata_Mti, dharau yako inapiga pembeni. Ushauri hauachwi kwa ajili ya adabu. Unaachwa kwa sababu unarudi kinyumenyume. Mwanasaikolojia William Miller alilieleza mwaka 1983 kutokana na kazi na watu wenye tatizo la pombe: mtu ambaye moyo wake nusu uko huku na nusu kule, ukimsukuma upande mmoja anautetea mwingine. Anakuwa wakili wa tatizo lake mwenyewe, na kadiri anavyojisikia akilitetea ndivyo anavyoliamini. Ukiwa na taarifa anayoihitaji kweli, omba ruhusa, itoe kwa sentensi mbili, kisha muulize ameichukuliaje. Usiimwage yote.

Fursa247
Wakuu mnazunguka mbuyu. Mambo yaliyothibitishwa ni mawili. Tabia mpya hujengeka kwa siku 21. Na Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1953, asilimia 3 ya wahitimu walioandika malengo wakaja kuwa na mali kuliko wale 97 wote kwa pamoja. Hiyo ni sayansi, hayo mengine ni porojo za maneno.

Tulia_Tuone
Bosi, umebeba mawili na yote ni matupu. Utafiti huo wa Yale haukufanyika. Chuo chenyewe kimeutafuta kwenye kumbukumbu zake, hakuna. Siku 21 zilitoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, mwaka 1960. Aliona wagonjwa huchukua *angalau* kama siku 21 kuzoea sura mpya. "Angalau" ikadondoka njiani, na pua ikageuka tabia. Waliokuja kupima tabia zenyewe ni University College London, watu 96: wastani siku 66, makadirio yakianzia 18 hadi 254. Kunywa maji huwahi, mazoezi huchelewa. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Fursa247
254!! Mwambie mteja hivyo uone kama atarudi. Unaua ugali wa watu wewe.

Tulia_Tuone
Akimbie leo kuliko siku ya 22, akijiona mzembe kwa kuwa tarehe yako ya uongo imepita.

Na kama unataka kumpa kitu badala ya hesabu, mpe "nikisha... basi". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ndiye aliyeifanyia kazi sana. "Nitafanya mazoezi zaidi" ni nia. "Nikishavua viatu nikitoka kazini, nachuchumaa mara 10 kabla sijakaa" ni mpango. Kichocheo kiwe tukio ambalo lazima litokee kila siku. Saa ya ukutani ni dhaifu, inapita hujaiona. Na kiasi kipimwe kwa siku mbaya: kama 10 haziwezekani siku ya uchovu, weka 3. Mipango mingi hufa kwa sababu iliandikwa siku ya furaha.

Kata_Mti
Huo si ushauri huo? Umetoka kuukataa sasa hivi.

Tulia_Tuone
Nimemshauri Fursa, si mteja. Mteja atachagua kichocheo mwenyewe.

Kata_Mti
Haya wakili.

Mwanzi_Mkavu
Nirudi kwangu. Mmeongea pua, mmeongea Hungaria. Swali: mteja hafanyi alichoahidi wiki ya tatu sasa. Kocha atajuaje kama ni uvivu au ni mgonjwa?

Nahodha_Bure
Hapo umeuliza la maana, ungeanza nalo. Kocha hatambui ugonjwa, anatambua mpaka. Usingizi umevurugika, chakula hakipiti, vitu alivyovipenda havina ladha, na hali hiyo imefika wiki 2 karibu kila siku: unasimamisha malengo, unamwambia waziwazi ulichokiona, unamwelekeza kwa mtaalamu wa afya ya akili. Majina uwe nayo tayari, usiseme "tafuta mtu". Kosa kubwa ni kuongeza kazi za nyumbani, mtu anazama unampa jiwe jingine. Akitaja kutaka kufa, hiyo ni siku hiyo hiyo, haingoji kikao kijacho. Na ukomo wa siri uwe umeandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo, asishangae.

Chokochoko
Na asiyefanya hivyo anaadhibiwa na nani?

Nahodha_Bure
Mwenye cheti anashtakiwa kwa waliompa, wanaweza kumnyang'anya.

Chokochoko
Asiye nacho?

Nahodha_Bure
Asiye nacho usimwendee.

Mwanzi_Mkavu
Mteja atajuaje? Ndiyo maana nikasema leseni!

Nahodha_Bure
Leseni inapima mtihani, haikai kwenye kikao. Muulize maswali matatu kabla ya kulipa: umefunzwa saa ngapi na wapi, nani anakusimamia, na ni hali gani utanikataa. Akisema hakatai mtu, ondoka.

Kata_Mti
Mimi naongeza la nne: vikao 12 vilivyolipwa vyote mbele, nikiacha cha tatu narudishiwa?

Fursa247
Hapana, mteja lazima ajifunge. Akilipa kidogo kidogo hajitoi.

Bint_Sarufi
"Ajifunge." Sasa hilo ndilo neno la kujadili.

Nahodha_Bure
Lipa vitatu, pima, ongeza. Na iandikwe: taarifa saa 24 kabla ya kuahirisha, salio la vikao ambavyo havijafanyika linarudi ndani ya siku kadhaa zilizotajwa kwa idadi. Akiandika "mapema iwezekanavyo", mwambie afute aandike namba.

Fursa247
Kwa masharti hayo nani atakubali kuwa kocha?

Mzee_wa_Nukta
Msindikizaji.