Tupeane uzoefu: maneno ya Kiingereza yanayofanana sura lakini maana haziko pamoja

Kalamu Nyeusi
Wakuu, leo nimepitia barua ya maombi ya kazi ya kijana mmoja mchapakazi kwelikweli. Ameandika "I overlook all safety work". Alikusudia oversee, yaani anasimamia. Mwajiri atakayeisoma ataelewa kwamba usalama anaupuuza. Nimemrudishia airekebishe kabla haijatumwa, ila nimeumia, maana balaa hili halimpati mvivu. Linampata anayejitahidi: over anaijua, look anaijua, anaunganisha kwa akili yake timamu, anatumbukia. Aliyepatwa au aliyeshuhudia atupe kisa chake.

Binti Mwangaza
Kweli kabisa. Economic na economical ndizo zinazowaliza wengi. Ya kwanza ni mambo ya uchumi, ya pili ni kubana matumizi. Sera inaweza kuwa ya kwanza bila kuwa ya pili!

Msomaji wa Usiku
Mimi nilishuhudia machozi ya bure. Dada mmoja alimaliza mafunzo, msimamizi akamwandikia barua ya kumpendekeza: "her help was invaluable". Akaificha ile barua. Alikuwa anaomba kazi huku na huku bila kuiambatanisha, akiamini ameandikwa kwamba msaada wake hauna thamani. Na hesabu yake ilikuwa na mantiki: complete na incomplete, visible na invisible, basi valuable na invaluable. Kumbe invaluable ni kitu chenye thamani isiyopimika. Siku alipoelezwa alikasirika kwanza, furaha ikaja baadaye.

Jembe
Priceless nayo vivyo hivyo. Tusi ni worthless, yaani kisicho na thamani.

Fundi Cheche
Msomaji, hiyo "in" umenikumbusha jambo ambalo huwa silisimulii.

Karakana tuliyokuwa tukifanya kazi, mapipa ya thina ya kuyeyushia rangi yalipangwa ukuta wa nyuma, kila moja limeandikwa INFLAMMABLE kwa herufi kubwa. Akaletwa jamaa mpya, fundi mzuri wa kuchomelea, na shule alikuwa nayo kutuzidi. Akaweka fremu ya mlango jirani na mapipa. Nikamwambia, kaka, tokea nje na hiyo kazi. Akanionyesha pipa kwa kidole: "Soma hapo. Flammable ni inayoshika moto. Hii ni in-flammable, haishiki." Alisema kwa uhakika na kwa upole, hata hakunidharau. Nikaondoka kumfuata msimamizi.

Sikufika mlangoni. Pipa moja kifuniko chake kilikuwa hakijakaza, na mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni hadi ukute cheche. Nilisikia mshindo kama pazia zito linalokung'utwa, kugeuka ukuta mzima ni moto. Mwenzetu mmoja alimburuta kwa miguu, sisi tukapambana kwa mtungi wa kuzimia moto wa unga na kwa mchanga. Alipona. Mikono iliungua hadi viwiko, na vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Pale hospitalini neno lake la kwanza kwangu lilikuwa: "Lakini niliisoma."

Binti Mwangaza
Ya Rabi. Pole sana kaka, na yeye mfikishie pole zetu.

Mzee wa Hoja
Pole. Ila tusilisingizie neno. Kosa ni la aliyeruhusu kuchomelea karibu na thina.

Jembe
Mzee, mtu amesoma onyo, onyo limemdanganya, wewe unatetea onyo?

Mzee wa Hoja
Sitetei. Nasema hata lingeandikwa vizuri, mapipa hayakupaswa kuwa pale.

Kalamu Nyeusi
Nyote mna haki. Asili yake ni hii: "in" mbili za Kilatini zimevaa nguo moja. Moja inakanusha, nyingine ina maana ya "ndani" au "kuingia". Inflammable imetoka kwa inflammare, kuwasha moto, ile ya pili. Tena ndilo neno kongwe. Flammable ilikuja kuenea baadaye, na miaka ya 1920 National Fire Protection Association, shirika la kinga ya moto la Marekani, ilihimiza itumike flammable kwa sababu ya hatari hiyo hiyo. Kisichowaka ni non-flammable.

Fundi Cheche
Mimi siamini maandishi tena. Angalieni picha: alama iliyosimama kwa kona, mpaka mwekundu, mwali mweusi ndani. Ukiiona, moto weka mbali.

Msomaji wa Usiku
Picha nayo inafutika. Jifunzeni neno.

Jembe
Na famous na infamous je?

Msomaji wa Usiku
Infamous ni anayejulikana kwa ubaya. Rais Roosevelt wa Marekani, tarehe 8 Desemba 1941, alisema siku ya shambulio la Japani kwenye kambi yao ya Pearl Harbor itaishi katika infamy, yaani sifa mbaya. Hakuwa anaisifu.

Mwalimu Zamu ya Pili
Wanafunzi wangu nawaambia: hakimu awe disinterested, asiwe uninterested. Wa kwanza hana maslahi kwenye kesi, wa pili anasinzia.

Mzee wa Hoja
Karne ya 17 disinterested ilitumika kwa maana ya kutovutiwa pia. Msiwaonee watoto.

Mwalimu Zamu ya Pili
Mzee wangu, mtahini hasahihishi mtihani wa karne ya 17. Mtoto akiandika hivyo ni yeye anayekosa alama. Wewe na mimi tutabaki hapa tunabishana.

Binti Mwangaza
Dawa ni kuyakariri mawili mawili.

Jembe
Hapana, ukiyakariri pamoja ndipo yanapogongana. Jifunze moja, likae, ndipo ulilete la pili. Au kama ni overlook na oversee, achana na yote mawili, sema supervise, simamia, uende zako.

Mgeni wa Jioni
Samahani wakuu, practice na practise ipi sahihi? Natuma barua kesho asubuhi.

Mwalimu Zamu ya Pili
Kwa Uingereza, yenye c ni nomino, yenye s ni kitenzi, sawa na advice na advise.

Msomaji wa Usiku
Kwa Marekani practice yenye c inabeba zote mbili, ila advice na advise zinabaki tofauti hata kwao. Mgeni, barua inaenda wapi?