MREJESHO: Kuituliza mashua ndogo wakati wa kuvua

Wakuu, niliuliza hapa namna ya kuizuia mashua yangu ya mita 4 isihame pale samaki wanapokula. Asanteni sana wote mliojibu.

Nilichagua nanga badala ya mota ya umeme inayojishikilia kwa GPS, maana betri zake ni nzito kwa chombo kidogo. Aliyenishauri kuweka mnyororo kati ya nanga na kamba, Mungu ambariki. Ule uzito unalaza mvuto chini, makucha yanachimba mchangani badala ya kunyanyuka. Kamba natoa mara 5 ya kina, upepo ukizidi nafikisha mara 7. Nanga haiburuziki tena. Nafunga omo (mbele ya mashua), tezi (nyuma) peke yake sithubutu, wimbi likija kwa nyuma linaingia ndani.

Mashua bado inayumba kushoto na kulia upepo unapopingana na mkondo, hilo halijapona. Kwenye miamba nanga hunasa, ila ile mbinu ya kufunga kamba upande wa makucha, kisha kuishikiza kwenye pete ya juu kwa uzi dhaifu, imeniokoa kweli: ukivuta kwa nguvu uzi unakatika, nanga inatoka kinyumenyume.

Kwenye maji mafupi yenye tope, pondo (mti mrefu wa kusukumia mashua) lililochomekwa chini linatosha kabisa, na halina kelele. Mfuko wa turubai unaoburutwa majini unapunguza mwendo tu, haushikilii. Nautumia ninapotaka kuvua nikielea taratibu.