Naomba ushauri: folda ya barua pepe iwe objekti ya namna gani kwenye maktaba yangu ya Python?

Kaskazi_Dom (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika maktaba ndogo ya Python ya kushughulikia barua pepe za ofisini kwetu hapa Dodoma. Barua ziko kwenye seva ya IMAP (itifaki ya kusoma na kupanga barua zikiwa palepale kwenye seva), folda zinapita arobaini, kila idara na zake. Watu wa masjala wanataka programu ya kuwapunguzia kazi: risiti ziende folda ya risiti, matangazo yafutwe, na kila asubuhi wajue barua ngapi hazijasomwa. Nilianza na imaplib yenyewe, moduli ya IMAP inayokuja na Python, ikanichosha, maana kila jibu linakuja kama baiti ghafi na kazi ya kulichambua ni yako. Ndipo nikaamua kuifunika kwa klasi zangu:

```
class Folda(list):
    def __init__(self, seva, jina):
        self.seva = seva
        self.jina = jina
        seva.select(jina)
        self.extend(self._vuta_zote())
```

Yaani folda ni orodha, ndani yake kuna objekti za Barua. Niliupenda muundo huu kwa sababu ukiandika `folda[3]` unapata barua, ukiandika `len(folda)` unapata idadi. Lakini umeanza kunitesa.

Kuna folda ina barua elfu kumi na nane. Kuunda objekti yake tu ni kusubiri dakika nzima, hata kama nilichotaka ni jina.

La pili ndilo linaloniumiza zaidi. Juzi programu ilitafuta matangazo, ikaleta namba 4, 9 na 15. Nikapita moja baada ya nyingine: weka alama ya kufuta, piga EXPUNGE (amri ya kuziondoa kabisa zenye alama hiyo), nenda inayofuata. La 4 lilifutika vizuri. Zilizofuata kufutika hazikuwa matangazo kabisa. Mojawapo ilikuwa risiti ya malipo, ikabidi nimpigie simu aliyeituma aitume tena.

La tatu, niliunda folda ya "Bajeti 2023/2024". Kwenda kuangalia, naikuta "Bajeti 2023", na ndani yake folda nyingine inaitwa "2024".

Swali langu: folda iwe nini hasa kwenye kodi? Orodha? Kamusi? Au kitu kingine ambacho sijakifikiria? Nataka nijenge upya kabla wenzangu hawajaanza kuitegemea.

---

Pweza_Tanga

Mkuu, mbona unajitafutia kazi? Tumia POP3, shusha zote kwenye mashine yako, uzipange huko huko.

---

BintiSeva

@Pweza_Tanga hiyo haitamfaa kaka yetu. POP3 haina folda kabisa, inajua sanduku moja tu la kupokelea. Na wale wa masjala wanafungua barua hizohizo kutoka kompyuta kadhaa, kwa hiyo lazima hali ibaki kwenye seva.

@Kaskazi_Dom pole kwa ile risiti. Nianze na hilo. Namba ulizotumia ni namba za mpangilio, kama watu kwenye foleni ya benki. Akitoka wa nne, wa tano anakuwa wa nne, na wote nyuma yake wanasogea hatua moja. Ulipofuta ya 4 na kupiga EXPUNGE, tangazo lililokuwa la 9 likawa la 8. Namba 9 sasa ikawa inashikwa na barua iliyokuwa ya 10, ukaifuta hiyo. Baada ya hapo zimeshatoka mbili, kwa hiyo namba 15 ilikuwa barua ya 17 ya mwanzo. Seva imefanya ulichoiagiza, neno kwa neno.

Dawa yake ni UID. Kila barua kwenye folda ina namba yake ya kudumu. UID hupanda tu, na barua ikifutwa namba yake haipewi nyingine. Tumia `UID SEARCH`, `UID FETCH`, `UID STORE`. Na usipige EXPUNGE tupu, kwa sababu inafagia kila barua yenye alama ya \Deleted, hata ile aliyoiwekea alama mtu mwingine dakika hiyohiyo. Kama seva yako inatangaza UIDPLUS (nyongeza ya IMAP), ipo `UID EXPUNGE` inayofuta zile ulizozitaja tu.

Sasa turudi kwenye swali lako la msingi. Kurithi `list` ndiko kulikokuponza. Orodha ya Python inamwambia anayeitumia kwamba `folda[3]` ni kitu kinachokaa mahali pake. Kwenye IMAP hakikai. Objekti yako ilikuwa inatoa ahadi ambayo seva haijawahi kuitoa.

---

Mzee_Faili

Binti amesema kweli tupu. Naongeza la upande wa mafaili, kwa sababu nimeshughulika nayo miaka mingi.

Zamani folda ilikuwa faili moja la mbox: barua zimebandikwa moja chini ya nyingine, na kila moja inaanza kwa mstari wenye neno "From " na nafasi. Ukitaka kufuta ya katikati, unaliandika faili zima upya. Baadaye Daniel J. Bernstein akaleta Maildir katika qmail, programu yake ya seva ya barua: folda ni saraka yenye vyumba vitatu, tmp, new na cur, na kila barua ni faili lake. Barua iliyosomwa inapata herufi S mwishoni mwa jina la faili, iliyojibiwa inapata R. Kwa watumiaji yote mawili yanaitwa folda, ila kwa ndani hayafanani hata kidogo.

Sasa fungua moduli ya `mailbox` iliyomo ndani ya Python uisome kwa utulivu. Hawakufanya folda kuwa orodha. Wameifanya ifanane na kamusi: kila barua ina ufunguo wake, na chini ya klasi mama `Mailbox` wameweka mbox, Maildir, MH na nyinginezo. Maildir na MH zina `list_folders()`, `get_folder()` na `add_folder()` kwa ajili ya folda za ndani. Jambo moja huwanasa wengi: barua unayopewa ni nakala. Ukiibadilisha, iliyoko kwenye folda haibadiliki mpaka uirudishe mwenyewe kwa ufunguo wake. Hilo nalipenda sana, kwa sababu linakulazimisha useme wazi lini unaandika.

Na nikuulize, mwanangu: hiyo `_vuta_zote()` yako inavuta kwa `BODY[]` au kwa `BODY.PEEK[]`?

---

Kaskazi_Dom

Mzee wangu, shikamoo. Ni `BODY[]`.

---

Mzee_Faili

Marahaba. Basi badilisha leo hii, usingoje kesho. `BODY[]` inaiwekea barua alama ya \Seen, yaani imesomwa. Programu yako ikipita asubuhi, watu wa masjala wanakuta kila kitu kimeshasomwa, na wao hutumia yale maandishi mazito kujua kazi iliyobaki. `BODY.PEEK[]` inaleta maudhui yaleyale bila kugusa alama. Na pale unaposoma tu, fungua folda kwa EXAMINE (kufungua kwa kusoma tu) badala ya SELECT. Kwenye imaplib ni `select(jina, readonly=True)`.

---

Nahodha_001 (Mombasa)

Niaje ndugu. Mimi nafanya kazi na Java, naomba nitetee muundo wa JavaMail, ambayo siku hizi ni Jakarta Mail. Kule una `Store`, ndani yake `Folder`, ndani yake `Message`. Ukiita `getFolder("Risiti")` unapewa objekti hata kama folda hiyo haipo kwenye seva. Unauliza `exists()` ukitaka kujua, unaita `create()` ukitaka kuiunda, kisha `open()` ukitaka kuingia. Objekti ni nyepesi, na folda 40 unazipata mara moja. Pia kila folda ina aina: inabeba barua, inabeba folda, au vyote viwili. Kaskazi, hiyo itakusaidia na ile "Bajeti 2023".

---

BintiSeva

Nahodha, sehemu ya kwanza nakubali kabisa: folda iwe jina kwanza, mtandao baadaye. Ninapopingana na Java ni pale objekti moja inapokuwa na maisha mawili. Ikiwa imefungwa, nusu ya mesodi zake zinatupa `IllegalStateException`. Anayesoma kodi hawezi kujua kwa kuangalia tu kama folda aliyopewa imefunguliwa. Mimi ningezitenga ziwe klasi mbili.

---

Nahodha_001 (Mombasa)

Sawa dada, ila klasi mbili ni mzigo kwa anayeanza kujifunza. Kwa Java tumeishi na hiyo moja miaka yote na kazi zinaenda.

---

Kaskazi_Dom

Wakuu, nimejaribu njia ya Nahodha jana usiku. Kasi imekuwa nzuri, lakini nimekutana na jipya. Nilifungua `a = Folda("INBOX")`, kisha `b = Folda("Risiti")`, nikarudi kwenye `a` kuweka alama ya \Flagged kwenye barua yenye UID 212. Alama ikaenda kwenye barua tofauti kabisa, ndani ya Risiti! Muunganisho ni mmoja, nimeutumia kwa zote mbili.

---

BintiSeva

Hapo sasa ndipo hoja yangu ilipo, kaka. Kwenye IMAP muunganisho mmoja unaweza kuwa ndani ya folda moja tu kwa wakati mmoja. Ulipoita SELECT kwa Risiti, INBOX iliachwa kimyakimya. Objekti `a` haikuambiwa, ikaendelea kuamini iko wazi. UID 212 ipo kwenye INBOX na nyingine yenye namba hiyohiyo ipo Risiti, kwa sababu UID ni ya ndani ya folda.

Ningejenga hivi. `Folda` ni anwani tu: haina barua ndani, haigusi seva mpaka uiambie, unaweza kuilinganisha na nyingine na kuitumia kama ufunguo wa kamusi. Inaweza kuuliza idadi kwa STATUS, ambayo inaleta MESSAGES na UNSEEN bila kufungua chochote, na hiyo ndiyo ripoti yako ya asubuhi. Usiiite `len()`. Iite `idadi()`, anayeiita ajue kwamba kuna safari ya mtandaoni.

Klasi ya pili ni `Kikao`. Hiki ndicho kinachomiliki muunganisho, na kipya kikifunguliwa kwenye muunganisho uleule, cha zamani kinakufa na kutoa kosa waziwazi ukikigusa:

```
risiti = sanduku.folda("Fedha", "Risiti")

with risiti.fungua(kusoma_tu=True) as kikao:
    for barua in kikao.tafuta("UNSEEN"):
        print(barua.uid, barua.mada)
```

Ya tatu ni `Barua`, na utambulisho wake ni vitu vitatu pamoja: folda, UIDVALIDITY na UID. Usiisahau hiyo ya katikati. Ni namba ambayo seva inakupa unapofungua folda. Ikiwa imebadilika tangu mara ya mwisho, mfano folda ilifutwa ikaundwa tena kwa jina lilelile, UID zote ulizohifadhi ni za kutupa, uanze upya. Ukiiruka, siku seva ikirudishwa kutoka nakala ya akiba utarudia balaa la risiti.

Halafu angalia jinsi nilivyoandika jina: vipande viwili, "Fedha" na "Risiti", bila mkwaju (/). Seva ndiyo inayosema kitenganishi ni kipi, wengine "/" wengine ".". Tuma LIST, amri ya kuorodhesha folda, uone:

```
* LIST (\Noselect \HasChildren) "/" "Bajeti 2023"
* LIST (\HasNoChildren) "/" "Bajeti 2023/2024"
```

Hiyo "/" ya katikati ndiyo kitenganishi. Mwaka wa fedha umeuandika kama tulivyozoea sote, seva ikasoma njia ya folda, ikaunda mama na mtoto. Na mama ana \Noselect, maana yake hafunguki, ni jina la kubebea watoto. Maktaba yako ikipewa kipande chenye kitenganishi ndani, ikatae palepale.

---

Mzee_Faili

Na alama ya "&". Najua ofisi za serikali na za fedha hazikosi folda ya "Mapato & Matumizi". Kwenye IMAP ya kawaida, ile ya RFC 3501 (waraka wa kanuni zake) ya mwaka 2003, majina yanaandikwa kwa UTF-7 iliyorekebishwa (namna ya kuandika herufi zote kwa alama za ASCII tu), na "&" inakuwa "&-". imaplib haikutafsirii. Utaona "Mapato &- Matumizi", na ukituma "&" peke yake unaweza kukataliwa. Majina yenye nafasi pia uyafunge kwenye alama za kunukuu mwenyewe. Kazi hiyo yote ifanyike sehemu moja tu, ndani ya `Folda`, isisambae kwenye kodi nzima.

---

Tausi_dev

Nimefuatilia uzi wote, nashukuru sana. Naongeza moja kwa yeyote atakayeelekeza maktaba hii kwenye Gmail. Kule kinachoonekana kama folda ni lebo. Barua moja inaweza kuonekana INBOX, kwenye lebo ya "Risiti" na kwenye All Mail, ikiwa na UID tofauti kila mahali. Nilinakili akaunti ya mtu folda kwa folda nikapata barua zaidi ya mara mbili ya zilizokuwepo. Gmail inatoa X-GM-MSGID inayofanana kote, hiyo ndiyo niliyotumia kuchuja. JMAP, itifaki mpya zaidi ya barua iliyotoka 2019, imelikubali jambo hili tangu mwanzo: barua yenyewe inabeba `mailboxIds`, na kila sanduku lina `id` isiyobadilika hata ukilibadilisha jina, pamoja na `parentId` na `role`. Kwa hiyo usiweke `barua.folda` kana kwamba ni moja milele.

---

Kaskazi_Dom

Tausi, asante, sisi hatuko Gmail lakini nimebadilisha. Sasa ni `barua.kikao`, inaonyesha nimeipata kupitia wapi, basi.

Dada BintiSeva, nimeijenga upya kwa klasi tatu. Nahodha, mwanzoni niliogopa mzigo uliousema, ila mwenzangu ambaye hajawahi kugusa IMAP ameisoma akaandika ripoti ya asubuhi mwenyewe bila kuniuliza. STATUS kwa folda zote inamaliza kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Nimeunda folda ya majaribio yenye barua 20, nikafuta tatu zilezile, ya 4, ya 9 na ya 15, safari hii kwa UID. Nimezihesabu kwa macho, zimeondoka hizo tatu na 17 zimebaki.

Ile ya bajeti nimeipa RENAME iwe "Bajeti 2023-24", kisha nikafuta jina tupu la "Bajeti 2023" lililobaki. Mhasibu ameliona jina jipya, amesema litamfaa.