Mwembe wazalia kunguru, mchungwa umegeuka mlimau. Nifanyeje?

Mjukuu wa Mtongwe:
Asalaam aleikum wanajamvi. Nimehamia nyumba ya marehemu babu huku Mtongwe. Miti ya uani haijaguswa miaka 9. Mwembe wa ngowe umepita paa, embe zote ziko kileleni na wanaozifaidi ni kunguru. Mwaka jana, mwezi wa 7, nilimwita kijana na panga lake akafyeka kila alipofikia. Hata ua moja sikuliona!

Mchungwa nao, tuliokula machungwa yake utotoni, siku hizi watoa malimau yenye ganda la vinundu, na miiba kama sindano za magunia. Mamangu asema ni jicho la mtu. Niung'oe?

Mzee Msumeno:
Usiung'oe kitu. Mwembe ulikatwa mwezi mbaya. Huku pwani maua huanza mwezi wa 7 hivi, na hutoka kwenye ncha za matawi yaliyokomaa. Wewe umekata ncha zenyewe! Ngoja embe ziishe, mwezi wa 3, ukate kabla masika hayajashika, machipukizi yapate miezi ya kukomaa. Kata theluthi mwaka huu, iliyobaki miaka miwili ijayo. Anza na matawi ya katikati yaliyosimama wima, jua liingie ndani.

Panga lirudishe jikoni. Tawi nene lataka msumeno: kwanza likate kidogo kwa chini, ndipo uje juu, la sivyo litaanguka na ganda la shina. Panapobaki wazi juani paka chokaa. Na vaa mikono mirefu, utomvu wa mwembe huchoma.

Binti Kisauni:
Na maji moto, wale sisimizi wa mitini, wakikuuma usiwapulizie dawa, hao ndio walinzi wa embe zako.

Mchungwa... jicho la nani, jamani? Mche ule ulibebeshwa, yaani uliungwa, juu ya shina la limau, na machipukizi ya chini yameumeza mti. Piga magoti utafute kovu la kiungo. Kila kilichotoka chini yake, kata. Ukikuta juu ya kovu hapana kilicho hai, basi mchungwa ulikufa kitambo, mwamwagilia mlimau.

Mjukuu wa Mtongwe:
Natoka uani sasa hivi. Kovu liko, chini kidogo ya goti, na upande wa ukutani kumebaki kijitawi kimoja chembamba. Nimefikicha majani yake, yanukia chungwa! Mamangu asema nikate, ila kwanza nimchumie malimau yote ya achari.