Tupeane uzoefu: "take" ya Kiingereza ilikutoa jasho wapi?

Wadau habari zenu. Kuna hiki kitenzi take, ukikikuta peke yake kipole kabisa, kuchukua, basi. Sasa kiwekee kineno nyuma, off, in, up, on, down, over, hapo ndo utajua hujui. Listi za phrasal verbs zimejaa kila kona so sitaki listi, nataka kila mtu aseme alikutana na take ipi na akaielewaje. Naanza mimi.

Kazi yangu ni kutafsiri maneno yanayopita chini ya filamu. Kuna tamthilia dada mmoja anasema "I was taken in", na huko nyuma tumeona kapewa hifadhi na shangazi yake, kwa hiyo ukiandika "nilipewa hifadhi" sentensi inakaa freshi tu na hakuna atakayekushtukia. Ila mtazame, kakunja uso, mkononi ana barua ya benki inasema akaunti haina kitu. Huyo anasema kaingizwa mjini! Maneno ni yaleyale, kilichoamua ni ile barua. Alafu bado kuna take in ya kuelewa, mtu kapewa habari nzito haijamwingia, nayo ni hiyohiyo. Haya karibuni.

*

fundi_cherehani: Umesahau ya kwetu bana. Take in ni kubana nguo, take up ni kupandisha pindo. Mimi Kiingereza changu cha kuungaunga ila hizi mbili hazinisumbui, mteja akisema take it in anakuwa kashavuta kitambaa kiunoni kwa vidole viwili, akisema take it up kainama anaonyesha mguuni, naweka pini tunaendelea. Ukinipa mtihani wa kuandika nafeli lakini.

*

MuhtasiDada: Mimi ni take down. Kikao kinaendelea, mimi ndo naandika muhtasari na mimi ndo naendesha slaidi, bosi anasema "take that down". Sasa niandike au nitoe kwenye skrini? Maana ni zote mbili, kuandika kitu kinachosemwa na kukiondoa kilipobandikwa. Nikaona anaangalia ukutani na mtu wa fedha kaanza kujikohoza, zile namba hazikutakiwa zionwe na wageni. Nikazima.

*

ticha_wa_zamu: Mnaongelea maana tu, mpangilio je? Unaweza kusema take off your shoes au take your shoes off, zote sawa. Ukiweka it lazima ikae katikati, take it off. "Take off it" hakuna hiyo. Alafu inakuja take after, kufanana na mzazi wako, hiyo haikubali kupasuliwa, ni she takes after him tu. Na masikio yawe wazi, ikiwa kitenzi uzito unaenda kwenye kile kineno cha mwisho, the plane took OFF, ikiwa jina unarudi mwanzo, TAKEoff. Kwenye maongezi ya haraka hiyo inasaidia kuliko kamusi.

*

mbishi_kiasi: Mnawalalamikia bure wenye lugha yao. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, mswaki, magoti, kura, na hakuna anayeumia. Mgeni naye analia hukohuko anakolia. Tofauti sisi tuna mikia ya kitenzi, funga, fungua, fungia, fungisha, wao hawana hiyo ndo maana wanabebesha hivi vineno kazi yote. Na kama mnatafuta wa kumlaumu basi ni Waviking, wale mabaharia wa zamani wa Skandinavia, Kiingereza kimeitoa take kwenye lugha yao, kwao ni taka, Kiingereza cha kale kilikuwa na niman kwa maana hiyohiyo ya kuchukua, ikafukuzwa taratibu.

*

MuhtasiDada: @mbishi_kiasi sawa mzee ila mimi bado napiga magoti mbele ya take on 😂 wanasema the company is taking on people, mara she took on the champion. Moja kuajiri, nyingine kupambana na mtu. Hapo unaomba tu usichanganye ukiwa kwenye intavyuu.

*

kimya_kimya: Huwa nasoma tu ila leo nauliza. Take up na take to zikizungumzia hobi si kitu kimoja?

*

ticha_wa_zamu: Hapana. Take up ni kuanza kukifanya kitu, take to ni kikakupendeza, kikakukaa. Unaweza uka-take up gitaa leo, mwezi ujao ukalitangaza linauzwa kwa sababu huku-take to.

*

kimya_kimya: Wewe ticha nani kakuambia habari za gitaa langu