Fundi wa "nasikiliza kwa sikio" amefuta alama yangu ya taimingi, leo sinyamazi

Wakuu, naandika mikono ikiwa bado na grisi. Yule fundi mnamjua. Jina sitaji, hakuna haja. Kila mwenye boti ya injini ya ndani, ile ya zamani yenye platini (vile vidude vinavyofunguka na kufunga kutoa cheche), ameshamlipa mara mbili kwa kazi moja.

Asubuhi nzima nimelala kifudifudi juu ya ngama, pale chini kabisa ya boti, nasugua puli ya mbele kwa brashi ya waya mpaka alama ya taimingi, ya kupimia cheche inatoka wakati gani, ikaonekana. Mkwaruzo wenyewe mwembamba kama unywele. Nikaupaka rangi nyeupe kwa njiti ya kiberiti, nikakaa hapo hapo naipepea ikauke. Platini nimeshaweka sawa, taa ya taimingi, inayomulika alama kila cheche ikitoka, nimeshaibana kwenye waya wa plagi namba 1. Kilichobaki ni boliti iliyoganda ya distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Nimemwita kwa boliti tu. BOLITI!

Jamaa kaingia, kachovya tambara kwenye petroli, KAFUTA ALAMA YANGU. Kisha ananiambia, "Nimekutolea uchafu."

Uchafu!

Taa akaisukuma kwa mguu. Akafumba macho kama mganga anayesubiri mizimu, akageuza distributa kwa vidole viwili. "Hapo hapo. Sikia inavyoimba."

Inaimba ndiyo! Injini ikiwa sailensi, yaani inazunguka polepole bila kufungua mafuta, cheche ikiwahi inanoga, hata mtoto mchanga ataisinzilia. Lakini boti si gari. Gari likipanda mlima litashuka lipumue, boti inapanda mlima safari nzima. Ukifungua mafuta, vile vyuma vya uzito ndani ya distributa vinatanuka na kuiwahisha cheche zaidi. Injini inagonga na wewe husikii kitu kwa kelele. Utakachokuja kusikia ni pistoni imetoboka.

Alivyoondoka nikapaka rangi upya, nikamulika. Kitabu cha injini yangu kinataka cheche iwahi digrii 8. Nimekuta 19! Ndiyo maana stata ilikuwa inarudishwa teke kila nikiwasha. Digrii 19 kwa sikio, halafu mwenye uchafu ni mimi? Nikifumba macho naliona lile tambara tu.

Tezi na Omo: Pole mkuu, ila "nimekutolea uchafu" imenivunja mbavu. Nimemsomea shemeji yako, amecheka mpaka kamwaga chai.

Gati la Tatu: Yaani uzi mzima kwa ajili ya doti ya rangi? Mtu mzima unalilia rangi.

Mleta mada: Si doti! Ni asubuhi yangu nzima! Angeniuliza tu, "Hii nini?"

Nahodha Mstaafu: Kijana, hasira weka pembeni. Kama puli yako ina mpira katikati, ringi ya nje huteleza ikizeeka, na alama inakudanganya hata ukiipaka dhahabu. Pandisha pistoni namba 1 juu kabisa uone kama alama inasoma sifuri. Na platini ukizigusa tena, taimingi unarudia. Nafasi ikipanuka cheche inawahi, ikipungua inachelewa.

Mleta mada: Shikamoo mzee. Nimeshaipandisha, inasoma sifuri. Alama ilikuwa ya kweli, ndiyo maana inauma. Aliifuta ya kweli!

Kasia Moja: Wewe umefutiwa rangi, mimi amenifungia distributa ya gari kwenye boti. "Zinafanana." Ya boti ina vichujio vya kuzuia moto kwenye matundu ya hewa, cheche za platini zisitoke nje. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama ngamani. Nimesafiri na familia nzima juu ya bomu!

Tezi na Omo: Kasia, hapo umemshinda mleta mada kwa mbali.

Mleta mada: Hatushindani. Nasema tambara, wakuu. Tambara la petroli, karibu na injini ya moto!

Chumvi Chumvi: Ngojeni yangu. Huyo huyo aliwasha injini yangu boti ikiwa nchi kavu, hakuunganisha hata mpira wa maji. "Dakika moja haidhuru." Impela, ile ya mpira inayosukuma maji ya kupoza injini, ikaungua, mabawa yamekatika yote. Vipande vinne nimevipata, viwili havionekani mpaka leo.

Gati la Tatu: Hahaha, hiyo ndiyo kesi sasa. Fungua uzi wako.

Nahodha Mstaafu: Chumvi, fuata bomba kutoka kwenye pampu kwenda mbele. Usiwashe mpaka uvipate, vitaziba njia ya maji.

Chumvi Chumvi: Shikamoo mzee. Kifuniko cha thermostati nafungua au nisubiri?

Mleta mada: Na taa yangu ina ufa pale alipoisukuma.

Nahodha Mstaafu: Fungua, Chumvi. Andaa gasketi mpya kabisa.